Gari linawaka kisha linazima? Hesabu sekunde kabla hujanunua pampu

Unapiga stata, gari linawaka vizuri tu, halafu kabla hujafunga mkanda limezima. Unapiga tena, linawaka, linazima. Ukifika gereji jibu la kwanza mara nyingi ni lile lile: "Bosi, hiyo pampu ya mafuta." Unanunua pampu, inafungwa, na kesho asubuhi tatizo liko palepale.

Pampu inaweza kuwa mbovu kweli. Lakini gari likiwaka hata kwa sekunde 3 limeshakwambia mengi: betri na stata ni nzima, plagi zinachoma na mafuta kiasi yamefika. Kinachokosekana ni kitu cha kulifanya liendelee. Sasa tazama linazima baada ya muda gani na linazima vipi. Hapo ndipo pa kuanzia, na hapana gharama.

Sekunde 1 au 2, kila mara

Likizima haraka hivyo bila kukosea, kama limekatwa na kisu, tazama dashibodi. Kuna taa yenye alama ya ufunguo au kufuli inawakawaka? Basi gari halijautambua ufunguo wako. Mfumo wa kuzuia wizi kwenye magari mengi, Volkswagen wakiwemo, huruhusu injini iwake kidogo kisha hukata. Jaribu ufunguo wa akiba, na utoe funguo nyingine kwenye bangili moja. Tatizo likibaki, anayehitajika ni fundi wa umeme mwenye mashine ya kusajili funguo. Pampu mpya haitasaidia chochote hapo.

Kwa magari ya zamani kuna dalili nyingine: injini inanguruma ukiwa umeshikilia ufunguo kwenye stata, ukiuachia tu inazima. Hapo mshuku swichi ya ufunguo yenyewe, au rilei ya pampu.

Jaribio la mguu

Likizima baada ya sekunde chache, liwashe tena na ukanyage mafuta kidogo sana, mshale wa RPM ufike kama 1,500. Kama linabaki hai ukiwa umekanyaga na kufa ukiachia, tatizo lipo zaidi upande wa hewa: injini haipati hewa ya kutosha ikiwa imetulia. Kama ukikanyaga ndiyo kwanza linakohoa na kufa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mafuta hayatoshi au kipimo cha hewa kinadanganya. Hii ni dalili tu, bado si hukumu, ila inakuonyesha ufungue upande gani kwanza.

Upande wa hewa, mshukiwa namba moja ni throto, kile kilango cha duara kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Miaka inavyokwenda, masizi meusi hujikusanya pembeni mwake. Gari likiwa limesimama kilango kinakuwa karibu kimefungwa, hivyo hata masizi membamba yanatosha kuziba upenyo mdogo uliobaki. Kompyuta ya gari huzoea uchafu huo polepole kwa kukifungua kilango zaidi kidogo, ndiyo maana husikii chochote kwa miezi.

Halafu siku moja unabadilisha betri. Kompyuta nyingi zinasahau walichozoea, kilango kinarudi kwenye kipimo cha kiwandani, masizi bado yapo, na gari linaanza kuzima. Mtu anabaki analaumu betri mpya! Toyota na Nissan ndogo za kutoka Japani zina tabia hii sana. Kama gari lako limeanza kuzima siku ileile ulipobadilisha betri, safisha throto kabla ya kununua chochote.

Kusafisha kwenyewe si kazi kubwa: dawa ya kupuliza ya throto na kitambaa laini, injini ikiwa imezimwa. Kama throto inaendeshwa kwa mota, usikisukume kilango kwa kidole wakati swichi iko ON. Nissan nyingi zinahitaji kufundishwa upya mngurumo wa kusimama, kwa mashine au kwa utaratibu maalumu wa pedali, la sivyo RPM inabaki juu au inayumba.

Baada ya hapo pitia mipira ya hewa kati ya chujio na injini. Mpira uliopasuka chini, mahali usipopaona, unaingiza hewa ambayo kipimo hakijaihesabu. Sikiliza mlio wa "ssss". Na hicho kipimo cha hewa kina jaribio lake la bure: zima gari, chomoa soketi yake, washa. Kompyuta itatumia makadirio yake yenyewe. Gari likikaa bila kuzima, kipimo ni kichafu au kimekufa. Taa ya injini itawaka kwa sababu umechomoa, usishtuke. Kisafishe kwa dawa yake tu, maana waya wake ni mwembamba na dawa ya kabureta huweza kuuharibu.

Sasa tuje kwenye mafuta

Wengi hufungua swichi na kusikiliza pampu ikilia. Kwenye Toyota nyingi pampu haianzi mpaka injini izungushwe, kwa hiyo ukimya hapo haumaanishi pampu imekufa. Kipimo cha haki ni geji ya presha. Injini ya 1NZ-FE, ile ya IST na Vitz nyingi, inataka takriban 304 hadi 343 kPa. Fundi anayetaka kubadilisha pampu bila kufunga geji, muombe aifunge kwanza. Na kama una mazoea ya kutembea na taa ya mafuta imewaka, jua kwamba pampu hupozwa na petroli hiyohiyo inayoizunguka.

Tatizo likija tu baada ya kutoka sheli, kuna njia mbili. Mafuta yana maji: weka kidogo kwenye chupa angavu, mbali na moto, uache yatulie, maji yatakaa chini. Au vali inayopeleka mvuke wa tangi kwenye injini imekwama wazi, na ukijaza tangi mvuke mwingi unaingia kwa mkupuo.

Likizima likishapata moto

Linatembea dakika 15 au 20, linazima ghafla, likipoa linawaka kama si lenyewe. Mshale wa RPM ukianguka hadi sifuri papo hapo wakati gari bado linabingirika, mshuku sensa ya kranki. Joto huivuruga.

Mashine ya kusoma kodi inasaidia, ila isome vizuri. P0335 inaelekeza kwenye mzunguko wa sensa hiyo, P0505 kwenye mfumo wa mngurumo wa kusimama. P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta, basi. Haijasema pampu. Mpira uliopasuka unaleta kodi hiyohiyo.

Majaribio yote haya yafanye nje. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua ndani ya banda lililofungwa.

Na likikuzimikia barabarani, usukani utakuwa mzito lakini bado unageuka. Breki pia zipo: kwa kawaida kibuyu cha breki hubakiza nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili, kwa hiyo usipampu. Kanyaga mara moja, shikilia, washa hazadi, sogea pembeni. Ufunguo usiurudishe mpaka LOCK kabla gari halijasimama, usukani utajifunga.