Shughuli (Dar es Salaam)
Shughuli ni sherehe ya kifamilia inayoambatana na chakula cha pamoja, iliyoenea katika mitaa ya Dar es Salaam kama Mwananyamala na Tandale (Kinondoni), Tandika na Mbagala (Temeke). Huadhimisha arobaini ya mtoto, kutolewa kwa mwali, ndoa, kipaimara au mahafali. Ndugu, marafiki na majirani huchangia fedha, mchele na nguvu zao. Turubai hufungwa uani au barabarani. Pilau ya nyama hupikwa kwa kuni katika masufuria makubwa, na kuliwa pamoja na kachumbari. Aghalabu wageni kadhaa huzunguka sinia moja. Michango huandikwa daftarini, na aliyechangiwa hutarajiwa kuwachangia wenzake zamu yao ikifika. Ndivyo kaya yenye kipato kidogo inavyomudu kukirimu mtaa mzima.