Uvimbe wa tezi za kope kwa mbwa

Uvimbe wa tezi za kope ni kinundu kinachoota ukingoni mwa kope la mbwa, kutoka kwenye tezi za Meibom, zinazotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke. Tezi hizo zina jina la Heinrich Meibom, daktari Mjerumani aliyezieleza mwaka 1666. Huu ndio uvimbe wa kope unaoonekana zaidi kwa mbwa, hasa waliozeeka.

Aina zake kuu ni adenoma na epithelioma, ambazo kwa kawaida hazisambai mwilini. Madhara hutokana na mahali ulipo: husugua konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, kila mbwa anapopepesa, ukaleta machozi, tongo, wekundu na, ukiachwa, kidonda cha jicho. Huwa wa waridi, kijivu au mweusi, na hutoka damu upesi.

Katika maboma ya Kabuchai, kaunti ya Bungoma, ambako mbwa ni mlinzi wa usiku, tongo la mbwa mzee ni rahisi kudhaniwa kuwa athari ya vumbi tu. Kope lenyewe lifunuliwe na kutazamwa.

Daktari wa mifugo hukata kipande chenye umbo la V, mbwa akiwa chini ya nusukaputi, iwapo uvimbe hauzidi takriban theluthi moja ya urefu wa kope. Njia nyingine ni kuugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, ileile inayohifadhi mbegu za fahali za kupandikizia ng'ombe. Ukikatwa juujuu huota tena. Kinyama kilichotolewa hupimwa maabara, kwa kuwa melanoma, uvimbe wa seli za rangi, huweza kufanana nao.