Kamange na Sarahani, Malenga wa Pemba

Ali bin Said bin Rashid Jahadhmiy, maarufu kwa jina la Kamange, na Sarahani bin Matwar walivuma kwa ushairi kisiwani Pemba katika karne ya 19. Walitunga kwa Kipemba, wakajibizana kwa beti, na watu wakazihifadhi tungo zao vifuani.

Zama zao zilikuwa za mageuzi makubwa. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa kitovu cha zao hilo. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa.

Tungo zao zilichapishwa mwaka 2011 katika kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba*, zikiwa zimekusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy. Mhariri, Abdilatif Abdalla wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kuandika *Kenya: Twendapi?*, kijitabu cha kuikosoa serikali ya Kenya, na humo gerezani akatunga diwani ya *Sauti ya Dhiki*. Mshairi aliyelipia neno kwa uhuru wake ndiye aliyesimamia urithi huu. Ewe mgeni, ukimpata mzee anayezijua beti hizi, msikilize, kisha wafundishe watoto.