Mtakatifu Yohane Bosco na Vijana Waliolea Vijana Wenzao

Wapendwa vijana, jina la Don Bosco si geni mjini Goma. Mtoto wa Majengo akiulizwa, atawaelekeza Ngangi, katika komine yetu hii hii ya Karisimbi, ambako Wasalesiani wana shule, karakana na viwanja vya michezo. Vita vilipoingia mjini mwezi wa Novemba 2012, na tena Januari 2025, maelfu ya watu walikimbilia humo. Nyumba hiyo twaifahamu. Mtu aliyeipa jina lake twamfahamu kwa uchache. Katika tafakari hii tutazame sehemu ya historia yake inayowahusu ninyi hasa: jinsi kazi yake ilivyobebwa na mikono ya vijana wa rika lenu.

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kijiji cha wakulima kaskazini mwa Italia. Baba yake, Francesco, alifariki yeye akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, aliwalea watoto kwa jembe na sala. Yohane alitamani kusoma, lakini Antonio, kaka yake wa baba mmoja, aliona vitabu ni uvivu, na ugomvi ukawa mkali nyumbani. Mwaka 1828, akiwa na umri wa miaka 12, ikambidi aondoke akawe mtumishi katika shamba la watu. Baadaye, alipokuwa mwanafunzi mjini Chieri, alilipia maisha yake kwa kazi za mikono. Basi alipokuja kuzungumza na watoto wanaofanya kazi ili wale, alijua vizuri alichokuwa akikisema.

Alipewa upadri tarehe 5 Juni 1841, akahamia Torino. Mji ule ulikuwa ukijaa vijana waliotoka vijijini kutafuta vibarua vya uashi na viwandani. Wengi hawakuwa na wazazi wala mahali pa kulala, na baadhi waliishia gerezani. Padri Bosco aliwatembelea humo, akatambua kwamba wengine walirudi kifungoni kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewangoja nje.

Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule, akijiandaa kuadhimisha Misa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alisikia kelele katika sakristia. Msimamizi wa sakristia alikuwa akimpiga na kumfukuza kijana aliyeingia kujikinga na baridi, kwa kuwa hakujua kutumikia Misa. Don Bosco akaagiza aitwe arudi, akisema kwamba huyo ni rafiki yake. Kijana aliitwa Bartolomeo Garelli, yatima, msaidizi wa waashi, mwenye miaka 16. Hakujua kusoma wala kuandika, na hakuwa amepokea Komunyo ya kwanza. Mapokeo ya Wasalesiani yanasimulia kwamba baada ya majibu mengi ya «hapana», padri alimwuliza kama anajua kupiga mluzi, na kijana akatabasamu. Siku hiyo likaanza somo la kwanza la katekisimu. Juma lililofuata Garelli hakuja peke yake: alileta wenzake. Tulizingatie hilo. Mtu wa kwanza kuita vijana katika oratori alikuwa kijana yule yule aliyefukuzwa kwa kipigo.

Kwa miaka kadhaa kundi hilo halikuwa na makao. Walihamishwa kutoka mahali hadi mahali, kwa maana majirani walichoshwa na kelele zao, hata wakabaki kukutana katika uwanja wa wazi. Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, wakaingia katika banda la mtu aliyeitwa Pinardi, katika mtaa wa Valdocco. Mwezi wa Novemba mama Margherita akaacha shamba lake, akaja kuwapikia na kuwafulia. Huyu hakuwa mtawa. Alikuwa mjane wa kijijini, mlei kama sisi, na aliwahudumia hadi kufa kwake mwaka 1856.

Vijana waliongezeka. Oratori ya pili ikafunguliwa mwaka 1847, na ya tatu mwaka 1849. Padri mmoja angewezaje kuwa mahali patatu siku moja ya Jumapili? Jibu alilipata kwa wanafunzi wake. Waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua. Wakubwa waliongoza michezo, nyimbo na katekisimu ya wadogo. Mmoja wao alikuwa Michele Rua. Alipokuwa mtoto mdogo, Don Bosco alimwonyesha kwa ishara kana kwamba anaukata mkono wake na kumpa nusu, maana yake wao wawili watagawana kila kitu. Rua hakuielewa ishara hiyo ila miaka ilipopita. Ndiye aliyekuja kuwa mrithi wake wa kwanza.

Kazi hii ilikuwa na sheria zake. Mwaka 1852 Don Bosco alitia saini mkataba pamoja na fundi seremala aliyempokea kijana ili kumfundisha kazi. Mkataba ulimtaka fundi amrekebishe mwanafunzi kwa maneno, wala si kwa kipigo. Ampe kazi za ufundi huo tu. Amwache huru siku za sikukuu. Na amwongezee malipo mwaka hadi mwaka. Tangu mwaka 1853 zikafunguliwa karakana za ushonaji wa viatu na nguo pale pale Valdocco. Malezi hayo, aliyoyaeleza kwa maandishi mwaka 1877, yalisimama juu ya akili, dini na upendo, kwa kukaa karibu na kijana kabla hajaanguka.

Kisha mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Torino. Goma inaujua ugonjwa huo tangu mwaka 1994. Hatuhitaji kuelezwa hofu yake. Watu wengi walikimbia wagonjwa. Don Bosco aliomba wenye kujitolea, na vijana wa oratori wakajitokeza, wakawabeba na kuwauguza watu wasiowajua. Walioitwa wahuni wa barabarani ndio waliobaki mjini kuhudumia.

Tarehe 18 Desemba 1859 watu 18 walikusanyika chumbani mwake kuanzisha Shirika la Wasalesiani. Karibu wote walikuwa vijana waliokulia mikononi mwake. Don Bosco alifariki tarehe 31 Januari 1888, na Papa Pio wa 11 akamtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Wasalesiani walikuwa wamekwisha kufika Kongo mwaka 1911, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi.

Huenda mtu akasema kwamba Torino ni mbali na nyakati zile zimepita. Basi tumtazame mwana wa Goma, Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa hapa tarehe 13 Juni 1981. Alisomea sheria, akawa mlei wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, na katika Shule ya Amani aliwapokea watoto wa barabarani, wale ambao mji huwaita maibobo. Kazini alikataa rushwa iliyotolewa ili apitishe chakula kilichoharibika, akauawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri mjini Roma. Aliyewapenda watoto maskini hakuweza kukubali walishwe sumu.

Vijana wapendwa, katika barabara za Majengo wapo watoto wanaosukuma chukudu na kubeba maji saa ambazo wenzao wako darasani. Vita vimewaongeza. Hatuna banda la Pinardi, wala hatuna fedha. Lakini Garelli hakuwa na kitu alipowaleta wenzake. Anayejua kusoma ana deni kwa asiyejua, na deni hilo halingoji amani ije kwanza.

Tujiulize katika vikundi vyetu:

1. Ni mtoto gani ambaye tumemfukuza mlangoni pa kanisa kwa sababu ya nguo zake au kelele zake?

2. Je, twawarekebisha wadogo wetu kwa maneno, au kwa fimbo na matusi?

3. Nani kati yetu aweza kutoa saa moja kila Jumamosi kumfundisha mtoto mmoja kusoma, na ataanza lini?

Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.