Bundi Weupe, Viwavi na Majani Makavu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii ni nzuri, lakini wiki hii napenda tuidadisi kidogo, maana kuna dalili na dalili. Ipo inayotueleza jambo la kweli, na ipo ile tunayoipenda kwa kuwa haitudai kazi. Ili nieleweke, itabidi twende mbali, hadi Marekani ya karne ya 19.

Katika nchi za theluji, majira ya baridi si suala la kuvaa sweta tu. Ardhi huganda, malisho hufunikwa, na mifugo isiyowekewa chakula hufa. Ndiyo maana wakulima wa huko walikuwa na alama nyingi za kutabiri ukali wa baridi. Ndege wakihama mapema, maganda ya vitunguu yakiwa mazito, wanyama wakiota manyoya mengi, wazee walisema mwaka huu tutakiona.

Mwaka 1886, nyanda za Montana na Dakota zilikuwa zimejaa ng'ombe kupita kiasi. Matajiri wa miji ya mashariki, na wengine wa Uingereza na Uskoti, walikuwa wamemwaga fedha zao huko wakiamini kwamba ng'ombe atajilisha mwenyewe porini, na kazi ya mwenye mali ni kuhesabu faida. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikavu, na majani yaliliwa hadi kwenye mizizi. Inasimuliwa kwamba msimu ulipoanza kubadilika dalili zilionekana waziwazi. Biva, yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno, alirundika magogo mengi kuliko kawaida, ndege wakaondoka mapema, na bundi weupe wa kaskazini wakatua katika mashamba ya ng'ombe. Hata sisi ambao hatujui theluji tunajua bundi akitua hasemwi vizuri.

Theluji ilianza Novemba. Mnamo Januari 1887 dhoruba zilifuatana. Theluji iliyeyuka kidogo, kisha ikaganda tena, ikawa tabaka la barafu ambalo ng'ombe walishindwa kulivunja kufikia majani. Walikufa maelfu kwa maelfu. Theodore Roosevelt, ambaye mwaka 1901 alikuja kuwa Rais wa Marekani, alikuwa mmoja wa wafugaji waliopoteza sehemu kubwa ya kundi. Huko Montana, tajiri mmoja aliyekuwa mjini Helena aliuliza habari za ng'ombe wake. Mchungaji kijana, Charles M. Russell, alichora picha ndogo ya ng'ombe aliyebaki mifupa, amesimama kwenye theluji, na mbwa mwitu wakimsubiri aanguke. Picha hiyo ndiyo iliyopelekwa kama taarifa. Ilimpa Russell umaarufu, na mwenye mali hakuhitaji maelezo zaidi.

Sasa nauliza: je, bundi wale wangeaminiwa, ng'ombe wangepona? Mimi naona la. Wafugaji wengi hawakuwa wamekata na kuhifadhi majani makavu. Dalili kubwa kuliko zote haikuwa angani wala mtoni. Ilikuwa chini ya miguu yao: malisho yameisha, ng'ombe wamekonda, ghala tupu. Dalili hiyo haikuhitaji mganga wala mzee wa kuitafsiri. Ilihitaji mtu wa kushika mundu. Baada ya maafa, wafugaji waliobaki walipunguza makundi, wakajenga nyua na kuanza kuweka majani ya akiba. Huo ndio utabiri waliojifunza.

Wamarekani hawakuacha kusoma alama. Yupo kiwavi mmoja wa nondo, mwenye manyoya, mweusi ncha zote mbili na wa rangi ya kahawia katikati. Husemwa kwamba kahawia ikiwa pana, baridi itakuwa nafuu; weusi ukizidi, baridi itakuwa kali. Mwaka 1948 mtaalamu wa wadudu wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York, C. H. Curran, alikwenda Bear Mountain, akakusanya viwavi na kuhesabu pingili zao, ambazo kwa kawaida ni 13. Utabiri wake ukachapishwa gazetini. Aliendelea kwa miaka kadhaa, na majibu yalielekea kukubaliana na wazee. Lakini viwavi wenyewe walikuwa wachache, na Curran alilijua hilo. Wataalamu hueleza kwamba upana wa ile kahawia hutegemea umri na ukuaji wa kiwavi. Kwa maneno mengine, kiwavi akisema lolote, anasema habari za msimu aliokwisha kuupitia. Tunamuuliza ya kesho, naye anatusomea ya jana.

Nisije nikaeleweka kwamba nawacheka wazee. La hasha! Hapa kwetu wakulima waliitazama Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake lenyewe linatokana na kulima, na Kilimia huzama na kuzuka kwa majira yake kila mwaka. Ile ilikuwa kalenda, na mtu aliyeitazama alichukua jembe. Thamani yake ilikuwa katika jembe.

Leo dalili zetu zinasomwa na setilaiti. Mwaka 2023 wataalamu wa hali ya hewa walitangaza mapema kwamba mvua za El Niño zilitarajiwa. Tangazo lilisikika redioni, likaandikwa magazetini, likazungumzwa vijiweni. Mitaro mingi ya miji yetu iliendelea kujaa taka na mchanga vilevile. Mvua ikaja, na watu wa mabondeni wakatoa magodoro yao juu ya mapaa.

Tukasema maafa yametushtukiza. Yametushtukizaje, ilhali tuliambiwa? Wafugaji wa Montana walikuwa na bundi, sisi tuna setilaiti, na wote tulingojea tukiwa mikono mitupu. Msimu ujao, kabla ya kubishana kama utabiri ni wa kweli au wa uongo, naomba kila mtaa utoke na majembe ya koleo, ukautazame mtaro wake. Hiyo ndiyo dalili iliyo karibu.