Kabla ya kuunda apu ya nduthi, uliza steji

Wasee, kila baada ya miezi michache kuna mtu anatangaza apu mpya ya watu wa nduthi. Rangi fiti, nembo kali, ramani yenye pini nyekundu. Halafu oda ya kwanza ya Gatwekera inaingia na mtu wa nduthi anapiga simu: "Uko wapi haswa?" Kastoma anamwambia aje mpaka kwa kinyozi, aingie kichochoro cha kushoto, aulize mama wa samaki. Pini imekufa hapo hapo.

Wengi wanaona hiyo simu kama kasoro ndogo ya teknolojia. Mimi naona historia ya miaka mia moja, na anayeilipia ni mtu wa nduthi.

Tuanze Kibera. Jina limetoka kwa neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Wakoloni waliwaweka hapo wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne iliyopita, na 1918 zaidi ya ekari 4,000 zikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Waliruhusiwa kukaa, lakini hati hawakupewa. Uhuru ulipokuja 1963, ardhi ikabaki ya serikali. Jamii ya Wanubi ilipata hati yake 2017, tena ya ekari 288 tu. Sasa jiulize: serikali isiyokutambua kama mwenye nyumba itakupa jina la barabara la nini? Namba ya nyumba hufuata hati. Bila hati, wewe ni "hapo kwa kinyozi".

Ndiyo maana mpaka 2009 Kibera ilikuwa kama nafasi tupu kwenye ramani za mtandaoni, ilhali sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu 170,070. Mwaka huo Mikel Maron na Erica Hagen walianzisha Map Kibera na vijana 13 wa mtaa. Vijana walitembea na vifaa vya GPS, wakaandika vyoo, shule, kliniki na mabomba ya maji, wakaviweka kwenye OpenStreetMap. Hakuna setilaiti ingewaambia choo kipi kinafanya kazi. Miguu yao ndiyo ilijua.

Kawangware ni hadithi tofauti kidogo. Fuata Gitanga Road ukitoka Lavington, ambako barabara zina majina na geti zina namba. Ukifika Kawangware, watu wanakuambia 46, 56, Congo, Gatina. Hizo 46 na 56 ni namba za matatu. Mtaa ulijipa anwani kutokana na kitu kilichoufikia kila siku.

Nduthi nazo zikaingia kwenye mfumo huo huo. Boda boda ilianza kama baiskeli za kuvusha watu mpaka wa Kenya na Uganda kule Busia, miaka ya 1960. M-Pesa ikaja Machi 2007, na 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc. Vijana wakajaa steji. Unampigia mtu wako, anachukua gesi dukani, anakuletea, unamtumia doo kwa simu. Hiyo ni huduma ya kupeleka oda tayari, ila haina nembo.

Kampuni zikafuata: Sendy 2014, Glovo 2019. Sendy ilifunga 2023, na Jumia Food ikaaga Kenya mwisho wa mwaka huo huo. Pesa ndizo ziliwashinda, si vichochoro, lakini angalia nani amebaki. Steji bado iko.

Kuna waliofikiria anwani vizuri. OkHi, iliyoanza hapa Nairobi 2014, iliweka picha ya geti kwenye anwani yako. Idea safi. Lakini ukiwa Lindi, geti gani?

Najua mtu ataniambia siku hizi ramani ya simu inaonyesha Kibera yote. Sawa. Ila reli inapita katikati. Pini inasema mita 200, lakini nduthi haipandi reli popote, inazunguka. Na Julai 2018, nyumba na shule zilipobomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, ramani ya jana iligeuka uongo kwa siku moja.

Kwa hivyo ukiunda apu ya Kibera na Kawangware, anza na steji. Kastoma achague steji iliyo karibu, kisha arekodi sauti ya sekunde kumi akieleza njia. Maelekezo yahifadhiwe kwenye simu ya mtu wa nduthi, yafunguke hata bando ikiisha. Nauli ihesabu njia ya kweli, pamoja na zile hatua za mwisho anazotembea akiwa ameacha nduthi kwa mwenzake. Akichelewa kwa sababu pini ilidanganya, asikatwe nyota. Sasa hivi dakika 15 za kutafutana ni mafuta yake na airtime yake, na bado analaumiwa.

La mwisho, na hapa sibembelezi: kila mara mtu wa nduthi anaporekebisha pini, anakuchorea ramani ambayo serikali haikuchora kwa karne nzima. Hiyo ni kazi. Mlipe, hata kama ni shilingi kumi kwa kila pini. Ukichukua bure, wewe ni mwingine tu aliyeitumia Kibera bila kuipa hati.

Mtaani kwenu mtu akikuletea kitu, unamwelekeza kwa nini: kinyozi, kanisa, ama posho mill?