Nani Aliyezima Taa?

Katika ujana wangu niliwahi kulighani shairi la mzee mmoja wa mtaani kwetu mbele ya hadhara, naye mwenyewe akiwa ameketi safu ya kwanza. Nilikuwa na sauti wakati huo, na nilijua kwamba ninayo. Kila kituo nilikirudia mara tatu. Kila kina nilikivuta mpaka pumzi ikakaribia kukatika, na penye neno "mauti" nikatia kilio ambacho mtunzi hakukiandika. Katika ubeti wa nne nilithubutu hata kuyabadili maneno ya mshororo mmoja ili yakae vizuri zaidi kinywani mwangu. Watu walishangilia, wengine wakaja kunituza. Nilipomaliza nilimwendea mzee nikamwamkia, nikitaraji sifa. Alinishika mkono, akaniuliza kwa upole: "Na shairi langu, mwanangu, utalighani lini?"

Swali lile sikulipatia jibu. Miaka mingi baadaye nililikuta tena mahali ambapo sikulitazamia, katika habari za mpiga piano Franz Liszt na sonata moja ya Beethoven. Ninawaletea habari hizo wasomaji wa ukumbi huu kwa sababu zinagusa jambo tunalobishana kila siku katika ushairi wetu: matini ni mali ya nani pindi inapoingia kinywani, au mikononi, mwa mtu mwingine?

Sonata yenyewe Beethoven aliitunga mwaka 1801 na kuichapisha mwaka 1802, akamtunukia binti mmoja mwanafunzi wake, Giulietta Guicciardi. Wakati huo masikio yake yalikwisha kuanza kumsaliti. Leo dunia nzima inaiita "Mwangaza wa Mwezi", lakini jina hilo si lake. Lilitokana na maneno ya mhakiki wa Kijerumani, Ludwig Rellstab. Sehemu ya kwanza ni ya polepole na ya sauti ya chini kabisa. Mkono wa kulia unazungusha sauti tatu tatu bila kupumzika, mkono wa kushoto unatembea chini kwa hatua nzito, na wimbo wenyewe unachelewa kuingia. Unapoingia, unakuwa kama mtu anayerudia neno moja kwa sababu hana jingine la kusema. Hakuna nafasi ya mpigaji kujionyesha. Mtoto aliyefundishwa miaka michache anaweza kuzipiga nota zake zote.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wa Liszt. Alizaliwa Hungaria mwaka 1811, akafika Paris akiwa mtoto, na akiwa kijana hakukuwa na ugumu wa kinanda uliomshinda. Mtu wa namna hiyo humfanyia nini wimbo usiotaka ufundi? Mtunzi Hector Berlioz, rafiki yake mkubwa, anatupa jibu katika kitabu chake À travers chants cha mwaka 1862. Anasimulia kwamba karibu na mwaka 1830 alimsikia Liszt akiipiga sehemu hiyo ya kwanza mbele ya watu wachache, akaijaza madoido: mitetemo ya vidole, ngurumo, mwendo wa kuharakishwa na kukawizwa, mpaka utulivu wote ukavunjika. Berlioz anasema aliteseka kumsikia, kuliko alivyoteseka kwa waimbaji waliozoea kuzitarizi nyimbo za Weber. Ingawa hakujua kupiga piano (vyombo vyake vilikuwa gitaa na filimbi), sikio lake lilijua penye uzi wa ziada.

Tusimlaumu Liszt peke yake. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya kumbi za Paris: aliyepamba alishangiliwa, asiyepamba alionekana hana kitu. Yeye mwenyewe alikiri hadharani mwaka 1837, katika barua ya wazi kwa mwandishi George Sand, kwamba alizipiga kazi za Beethoven, Weber na Hummel kwa kuzichakachua ili avune makofi, na kwamba anaona haya. Wasanii wa kuandika maneno kama hayo wakiwa hai na wakiwa wanapendwa ni wachache.

Na makofi yenyewe yalikuwa na thamani gani? Mwaka huohuo wa 1837 Liszt na wenzake wawili, wa fidla na wa selo, walipiga mjini Paris muziki wa vyombo vitatu wa Beethoven pamoja na mwingine wa Pixis, mtunzi wa kawaida aliyekwisha kusahaulika. Mpangilio ukabadilishwa bila watu kutangaziwa. Kazi ya Pixis ilipopigwa mahali pa Beethoven, ukumbi uliipokea kwa shangwe. Ya Beethoven ilipopigwa mahali pa Pixis, watu wakaiona baridi na haina maana. Liszt mwenyewe aliisimulia habari hiyo. Mimi kila nikiisoma nacheka kwanza, kisha nakumbuka walionituza.

Sasa tufike kwenye usiku wenyewe. Ni katika miaka ya 1830, nyumbani kwa mwandishi Ernest Legouvé mjini Paris, na waliohudhuria ni marafiki wasiozidi kumi. Liszt aliombwa kupiga, akaipiga ile sehemu ya kwanza ya sonata, gizani, bila kuongeza nota hata moja. Hayo hayana ubishi. Tuna mashahidi wawili, Berlioz katika kitabu nilichokitaja na Legouvé katika kumbukumbu zake, Soixante ans de souvenirs, zilizotoka katika miaka ya 1880 akiwa mzee wa karibu miaka themanini. Wote wawili wanaitambulisha sonata kwa ufunguo wake wa muziki tu. Jina la mwezi halimo katika simulizi zao, na wala mwangaza haukuwamo chumbani.

Wanapotofautiana ni juu ya taa.

Berlioz anasema taa ilikuwa inafifia yenyewe. Mtu mmoja akataka kuupandisha utambi, Berlioz akamzuia, akisema nusu ya giza hiyo inaufaa wimbo ule wa Beethoven. Liszt akakubali, lakini akaagiza zaidi: taa izimwe kabisa, moto ufunikwe, giza liwe kamili. Kisha, baada ya kukusanya mawazo yake kwa muda, akaanza.

Legouvé anasimulia mengine. Walitoka chumba chake cha kusomea wakaingia sebuleni, ambako hakukuwa na taa na moto ulikuwa chini ya jivu. Goubaux, mwalimu na mtunzi wa tamthilia, akaileta taa. Legouvé akamwambia aupandishe utambi, kwani hawaoni vizuri. Goubaux akakosea, akaushusha. Giza likawaangukia ghafla. Liszt, ama kwa bahati ama kwa kuvutwa na giza lenyewe, akaanza sonata ile, na kila mtu akabaki palepale alipokuwa. Mara kwa mara kaa la moto lilijitokeza katika jivu likamulika kivuli cha mtu. Legouvé alikuwa amejitupa kwenye kiti, na juu ya kichwa chake akasikia kwikwi za mtu anayejizuia. Alikuwa Berlioz. Mshumaa ulipowashwa, Liszt alimshika Legouvé mkono, akamwonyesha mashavu ya Berlioz yaliyolowa machozi, akamnong'oneza kwamba mtu huyu amesikiliza kama mrithi anayengojea urithi wake.

Kuna watakaosema tofauti hiyo ni ndogo. Mimi naiona kubwa, na nitaeleza kwa nini. Kama ni Liszt aliyeagiza giza, basi aliyaacha madoido ya vidole akaleta mengine. Giza lile lingekuwa kikorombwezo kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa halionekani katika nota na halisikiki masikioni, ila linamwandaa msikilizaji kulia kabla wimbo haujaanza. Mghani anayengoja ukumbi unyamaze kabisa, akafumba macho, akashusha pumzi kabla ya neno la kwanza, anajua ninachokisema. Lakini kama ni mkono wa Goubaux uliokosea, basi hakuna aliyepanga lolote, na wale watu walilizwa na Beethoven na utiifu wa Liszt tu.

Nani nimwamini? Berlioz aliandika mapema zaidi, na hiyo ni haki yake. Ila simulizi yake ina umbo la toba: aliyeichafua sonata kwa vidole vyake ndiye anayerudi kuisafisha, naye anaamuru hata taa. Limenyooka mno. Legouvé kwa upande wake aliandika baada ya nusu karne, lakini ilikuwa nyumba yake na taa yake, na mwenye nyumba hasahau mgeni aliyemharibia taa. Kosa la utambi ni jambo dogo lisilompa mtu sifa, na mambo ya namna hiyo si rahisi kutungwa. Moyo wangu unaelemea kwa Legouvé, ingawa najua kwamba naye alikuwa mtu wa tamthilia, na lile kaa linalochungulia kutoka jivuni limekaa mahali pake kama katika jukwaa.

Kuna tofauti nyingine ambayo msomaji wa Kiswahili ataiona upesi, kwa kuwa lugha yetu huibeba katika kiambishi kimoja. Kwa Berlioz ni "tulilia". Kwa Legouvé ni "alilia". Berlioz ameyaficha machozi yake katika wingi, kama mtu anayejifuta uso msibani katikati ya kundi. Ilihitajika mwenzake gizani, asiyeona kitu, kutuambia sauti ilitoka kwa nani.

Legouvé huyo baadaye, mwaka 1877, alitoa kitabu kizima juu ya sanaa ya kusoma kwa sauti. Sidai kwamba usiku ule ndio uliokizaa. Lakini mtu aliyeshughulika na namna ya kusema maneno ya mwingine bila kuyaharibu alikuwa na sababu ya kuukumbuka.

Na miongoni mwa waliokaa gizani, kwa ushahidi wa Legouvé, alikuwamo Victor Schoelcher, mpenzi wa muziki ambaye baadaye aliandika maisha ya mtunzi Handel. Sisi wa pwani hii tuna sababu nyingine ya kulijua jina lake. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya amri ya tarehe 27 Aprili 1848 iliyofuta utumwa katika makoloni ya Ufaransa, Réunion ikiwamo, ambako watu zaidi ya 60,000 waliachwa huru Desemba ya mwaka huo. Wengi wa watumwa wa kisiwa hicho, au wazazi wao, walitoka Madagaska na mwambao wetu. Mfaransa Morice alikwisha kufanya mkataba wa kununua watu na Sultani wa Kilwa tangu mwaka 1776. Legouvé hatuambii Schoelcher alisikia nini usiku ule. Ningependa kujua kuliko ninavyopenda kujua habari za taa.

Mzee wa shairi langu alifariki miaka kadhaa iliyopita. Siku ya arobaini mwanawe mkubwa alinifuata, akaniambia daftari la marehemu halionekani, na kwamba watu wamemwambia shairi lile mimi ninalo kichwani. Nilimwahidi kumwandikia. Usiku nikakaa na karatasi, beti tatu za mwanzo zikaja bila taabu. Katika ubeti wa nne nikasimama. Nilikuwa na maneno ya mshororo wa tatu, vina vimetimia na mizani imetimia, lakini sikuwa na hakika tena kama ni yake au ni yale niliyoyatia mimi ili yakae vizuri kinywani. Niliyaandika kama yalivyonijia, nikayawekea alama ya penseli pembeni.